Pikipiki ya Uzi wa Soseji

Mzee Lőrinc Bakos hatupi waya. Mletee pikipiki kuukuu, hata kama nyaya zake zimeliwa na panya zikabaki shaba tupu, atazitoa zote bila kukata hata moja, atazilaza juu ya ubao mrefu uliopo ukutani mwa karakana yake na kuzishikiza kwa misumari kila zinapopinda. Ndipo aanze kusuka mpya pembeni yake. "Fremu ni mifupa tu, shemeji," huniambia. "Mifupa hufanana. Ukitaka kujua pikipiki imeishi maisha gani, tazama nyaya. Mwenye haraka utamwona, mlevi utamwona, na bahili utamwona amefunga kwa plasta ya kidonda."

Namjua kwa sababu tunagawana ua. Yeye yuko upande wa jua na koleo zake, mimi niko upande wa kivuli na cherehani yangu ya ngozi. Yeye anatia umeme, mimi nashona viti. Naitwa Ágota. Niliolewa hapa Makó, Hungaria, nikitokea mji wa Szeged, na mume wangu ni binamu wa marehemu Etelka, mke wa Lőrinc. Basi mzee ni shemeji yangu, na nina haki ya kumsema. Watu wa Makó wana sifa mbili, vitunguu na ubishi. Vitunguu angalau vina msimu.

Zamani alikuwa fundi umeme wa matrekta ya ushirika. Ushirika ulipokufa alihamia kwenye pikipiki, na leo hakuna kijana wa chama cha pikipiki hapa mjini anayewasha taa bila mkono wa Lőrinc kupita ndani yake. Ana vidole vinene, mgongo mbaya, na redio inayoshika stesheni moja. Binti yake Piroska yuko Vienna. Tangu Etelka afariki, mtu aliyebaki mezani kwake ni mmoja tu, Ambrus Tóbiás.

Ambrus ndiye mwenyekiti wa chama cha pikipiki, na ndiye baba wa ubatizo wa Piroska. Mtu mkubwa, masharubu, kicheko cha kuamsha mbwa wa jirani. Kila Jumapili alikula kwa Lőrinc. Etelka alipougua, ni Ambrus aliyempeleka hospitali na kumrudisha, majira yote yale ya baridi, bila kunung'unika. Nami nilimpenda, sitadanganya. Ndiyo maana hasira yangu haijapoa mpaka leo.

Mwezi wa pili, theluji ikiwa bado pembezoni mwa barabara, Ambrus aliingia uani akivuta trela.

"Daktari!" akapaza sauti. "Nimekuletea mgonjwa!"

Lőrinc akatoka akijifuta mikono, akatazama lile rundo la kutu. "Mgonjwa? Hii ni maiti, bwana. Umefukua kaburi la nani?"

"La Mromania mmoja, kule Arad, ng'ambo ya mpaka. Kuku walikuwa wanataga juu yake."

"Walikosa kiota?"

Tukacheka wote. Tangi halikuwepo, taa ya nyuma haikuwepo, kiti kilikuwa springi tupu, na shokapu za mbele zilikuwa zimepinda kama zimewahi kugonga kitu. Lakini Lőrinc hakuhitaji kuelezwa. Alichuchumaa, akapitisha kiganja kwenye bomba linaloshuka kutoka shingoni, akagonga injini kwa fundo la kidole.

"Pannonia, pikipiki ya kwetu Hungaria," alisema. "Silinda moja, ya miaka ya sitini." Kisha kidole gumba chake kikasimama pale shingoni, mahali panapopigwa namba ya fremu. "Namba haipo."

"Kutu imekula," Ambrus akasema.

Lőrinc akapapasa tena pale.

"Sikiliza ninavyoitaka," Ambrus akaendelea. "Iwe chini, fupi, kiti cha mtu mmoja, huyu mama atanishonea. Mkia wa fremu tunakata. Waya usionekane hata mmoja. Nataka niende nayo kwenye baraka. Na hizo nyaya za zamani, swahiba, zitupe. Usipoteze muda kuzitazama."

Hapo ndipo alipojichongea. Kumwambia Lőrinc atupe nyaya bila kuzitazama ni kumwambia kasisi achome Biblia ili apashe chai moto. Siku ile hatukulifikiria. Tulidhani ni maneno ya mtu asiyejua umeme.

Baraka ninazozisema ni zile za majira ya kuchipua, Jumapili ambayo pikipiki zote za wilaya hujipanga mbele ya kanisa na kasisi akapita akizinyunyizia maji, ili mwaka upite bila msiba. Kwa watu wa chama, siku hiyo ni kubwa kuliko Krismasi.

Lőrinc alianza kazi. Umeme wa kwanza wa pikipiki zile ulikuwa wa volti sita, taa yake haimulikii hata njia ya chooni, kwa hiyo aliamua kuupandisha uwe wa kumi na mbili: dinamo mpya, betri ndogo ya kufichwa chini ya kiti, nyaya zipite ndani ya mabomba ya usukani. Nilikuwa napima springi za kiti asubuhi alipotoa tita la nyaya kuukuu, akalilaza ubaoni na kuanza kubandua utepe wa kitambaa uliokuwa umelizungushia. Mimi nilikuwa nikimsimulia habari za mke wa mwokaji. Alikuwa akiitikia, mara akaacha kuitikia.

"Shemeji. Hebu njoo."

Nikaenda. Chini ya utepe, nyaya zote zilikuwa za kahawia. Na kila waya ulikuwa umefungwa uzi mweupe, sasa umekuwa wa njano, wenye mafundo: mmoja fundo moja, mwingine mawili, mwingine matatu.

"Fundo hili ni la nani?" akaniuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini sana.

Sikuhitaji kuinama. Mtaa wetu una banda moja la moshi, nyuma ya nyumba ya akina Balla. Kila Januari, nguruwe wakishachinjwa, kila ukoo hutundika soseji zake humo, na ili zisichanganyike kila ukoo una fundo lake kwenye uzi. Fundo hurithiwa. Hakuna afungaye fundo la mwingine. Ni sawa na kuingiza mkono kwenye sufuria lake. Nami nilipoolewa nilifundishwa fundo la ukoo wa mume wangu kabla sijaonyeshwa chumba cha kulala: mizunguko miwili, kisha mkia unarudishwa ndani.

"Ni letu," nikasema. "La akina Etelka."

Akavuta kigoda akakaa. Ndipo akanieleza. Enzi zile waya wa rangi haukupatikana. Ushirika ulileta wa kahawia tu, mita kwa mita. Sasa utajuaje upi wa honi, upi wa taa, ikiwa zote ni za kahawia? Alikuwa na Pannonia aliyoijenga kwa mikono yake. Vidole vyake vikashindwa na nyuzi nyembamba, na Etelka, mke wake mpya, akiwa na mimba ya Piroska, akaketi sakafuni na kibunda cha uzi wa soseji akamfungia alama. Moja taa, mawili honi, matatu breki. Alifunga fundo alilolijua.

"Hii ni pikipiki yangu," alisema. "Ile iliyoibwa."

Kisa hicho mtaani kila mtu anakijua, hata mimi niliyekuja baadaye. Majira ya kiangazi aliyobatizwa Piroska, Lőrinc aliamka akakuta pikipiki haipo uani. Ambrus alimsaidia kuitafuta wiki nzima, vijiji vyote, mitaro yote. Naye Ambrus ndiye aliyesema, kwa uchungu kabisa, kwamba alfajiri ile alimwona Vidor Gémes akisukuma kitu kuelekea barabara ya mpakani. Vidor alikuwa dereva wa lori la vitunguu, alivuka mpaka kila mara, ikaingia akilini. Polisi walimhoji, hawakupata kitu, wakamwacha. Mtaa haukumwacha. Ndoano yake kwenye banda la moshi ilipewa mtu mwingine. Mkewe alikaa akisubiri asalimiwe dukani, hakusalimiwa, akarudi kwao. Mpaka leo Vidor anaishi mwisho wa mtaa peke yake na mbwa, anakausha soseji zake kwenye pipa nyuma ya nyumba, na watu wakimwona hushika mifuko yao.

"Ambrus," nikasema.

"Ambrus ameinunua Arad," akanijibu haraka. "Vidor aliiuza kule, huyu ameinunua kule. Inawezekana."

"Inawezekana," nikasema, "na mimi ni malkia wa Uingereza. Muulize."

"Nitamuuliza. Lakini mtu huulizwa akiwa ameshiba."

Jumapili hiyo nilipeleka tambi zangu za jibini makusudi ili niwepo. Ambrus alikula sahani mbili. Lőrinc akamjazia glasi ya palinka, ile pombe kali ya plamu, akasema kama mtu anayeuliza hali ya hewa, "Yule jamaa wa Arad anaitwa nani? Labda ana tangi lake."

"Aah, nani anakumbuka majina ya Waromania!"

"Ndani ya kikombe cha taa ya mbele nimekuta maganda ya vitunguu. Yamejaa."

Ambrus hakupepesa. Alicheka, akampiga Lőrinc begani. "Kwani panya wa Arad hawali vitunguu? Usiku huwa wanavuka mpaka kuja Makó, hata pasipoti hawana!"

Na Lőrinc akacheka pia. Hilo ndilo lililoniuma, nilivyomwona akicheka. Alitaka sana kuamini. Huwezi kula Jumapili na mtu maisha yote kisha ukafurahi kumfumania. Nikabeba bakuli langu nikaondoka kabla ulimi haujaniponyoka.

Alifanya kazi kimya wiki zilizofuata. Alinyoosha shokapu. Alipata tangi kwa rafiki wa Hódmezővásárhely. Nyaya mpya alizisuka za rangi zote, nyekundu, kijani, bluu, akazipitisha ndani ya mabomba usione hata moja, na bado kila waya aliufunga uzi wa soseji. Mwenyewe, kwa vile vidole. Mafundo yalitoka mabaya, mengine makubwa kama mbaazi, nikajitolea kumfungia akakataa. Kiti cha mtu mmoja nikakishona. Mkia wa fremu peke yake hakuukata. "Tutakata mwisho," alisema kila nikiuliza.

Jumamosi, kesho yake ikiwa baraka, Ambrus akaja kuichukua. Aliizunguka akipiga mluzi. Lőrinc akapiga kiki mara moja ikawaka, ule mlio wake wa kupasua kuni, taa nyeupe ikamulika ukuta wangu.

"Mungu wangu," Ambrus akasema. "Imefufuka."

Lőrinc akaizima. "Niambie tena uliitoa wapi."

"Si nimeshakwambia. Arad."

"Niambie tena, Ambrus. Mimi ni mzee, nasahau."

"Arad, swahiba! Kwa yule wa kuku!"

Lőrinc akamshika mkono kama mtu anayemwongoza kipofu, akampeleka mpaka ubaoni. Tita lile kuukuu lilikuwa bado limelala pale kwenye misumari yake, mafundo yote yakiwa wazi. Ambrus ni mtoto wa mtaa huu. Ametundika soseji kwenye banda lile tangu alipoweza kufikia ndoano. Alitazama, na nikaona masharubu yake yakishuka.

"Etelka," alisema.

"Ndiye."

Kisha Ambrus akakaa kwenye kigoda, akaanza kumwaga. Alikuwa na msichana kijiji cha Apátfalva. Alitaka kumwonyesha pikipiki. Aliichukua usiku, airudishe kabla ya jogoo, na wakati wa kurudi akaanguka mtaroni, shokapu zikapinda. Akaogopa. Akaisukuma mpaka ghala la mama mkwe wake mtarajiwa, akaifunika magunia ya vitunguu, akitaka kuitengeneza kidogo kidogo airudishe. Kisha polisi wakaja.

"Na Vidor?" Lőrinc akauliza.

"Waliniuliza nimeona nini. Ilibidi niseme kitu."

"Ungesema hukuona."

"Nilikuwa kijana, Lőrinc!" Machozi yalikuwa yanamtoka, na naapa yalikuwa ya kweli. "Sasa mama mkwe amekufa, ghala linavunjwa, nikasema hii ndiyo nafasi. Nikuletee, uifufue kwa mikono yako, halafu kesho pale kwenye baraka, mbele ya watu wote, nikukabidhi. Nilitaka kukwambia kesho. Kwa roho ya Etelka."

Nilimwona Lőrinc akisita. Mpaka leo nadhani angemsamehe. Alitaka lile neno liwe kweli, kama alivyotaka Arad iwe kweli. Lakini fundi ni fundi. Alimwinua, akamrudisha kwenye pikipiki, akakiweka kidole cha Ambrus juu ya shingo ya fremu.

"Mahali pengine pote kutu ilikuwa nyeusi, ya magamba," alisema. "Hapa ilikuwa ya njano, nyepesi, niliifuta kwa kidole siku ile ile uliyoileta. Tupa ya kukwangulia chuma imepita hapa majira haya ya baridi. Mtu anayetaka kunirudishia pikipiki yangu, kwa nini afute namba yangu?"

Ambrus akakiondoa kidole.

"Ungeukata mkia isitambulike, ungeipanda kesho mbele yangu, na mimi ningekupigia makofi," Lőrinc akasema. "Baada ya hapo ungekuja kwangu kula."

"Swahiba..."

"Usiniite hivyo. Nenda."

"Na kesho? Watu wananitegemea. Niwaambie nini?"

"Unajua kusema," Lőrinc akasema. "Ya Vidor uliyasema bila kufundishwa."

Ambrus alitoka akiburuta miguu. Lőrinc hakulia, hakuvunja kitu. Alisimama mbele ya ule ubao, mgongo kwangu, kisha akaniuliza kama ngozi ya kahawia imebaki.

"Imebaki."

"Kile kiti kirefushe, shemeji. Kiwe cha watu wawili. Kama zamani."

Nikashona mpaka jua likazama, nikimtukana Ambrus kwa kila tundu la sindano.

Jumapili uwanja wa kanisa ulijaa. Ambrus alikuja na pikipiki yake ya kila siku, amevaa vizuri, amenyoa. Watu wakamuuliza iko wapi ile Pannonia aliyojisifia tangu Februari. Nilikuwa nimesimama hatua chache tu. Akatikisa kichwa kwa huruma, akasema, "Lőrinc amezeeka, jamani. Mikono inatetemeka. Hakuweza kuimaliza, msimseme."

Machozi ya jana yalikuwa hayajakauka, na tayari alikuwa ameshapata mtu mwingine wa kumbebesha. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako. Nilikwisha kufungua mdomo nimwage yote mbele ya kasisi na maji yake, ndipo tukasikia mlio.

Lőrinc alikuja na Pannonia kutoka upande wa soko, taa inawaka mchana, amevaa kofia yake ya kanisani. Watu wakapisha njia, wakidhani atajipanga. Hakujipanga. Alipita mbele ya chama, mbele ya Ambrus, bila kugeuza shingo, akakunja kona ya mtaa wetu. Nikachukua baiskeli ya mtu, sijui ya nani, nikamfuata.

Alisimama mwisho wa mtaa, kwenye lango la Vidor Gémes. Moshi ulikuwa ukitoka kwenye lile pipa nyuma ya nyumba. Mbwa akabweka, na Vidor akatoka, mwembamba, sweta lenye viraka kwenye viwiko. Aliitazama pikipiki kwa muda mrefu. Lőrinc akashuka, akavua kofia, akamweleza yote palepale barabarani: ghala, vitunguu, tupa. Hakujipendelea hata kidogo.

"Panda nyuma, Vidor," akamalizia. "Twende uwanjani. Wote wako pale. Wakuone umekaa kwenye kiti hiki, nami nitasema kwa mdomo wangu. Na Januari soseji zako zitatundikwa kwenye ndoano yetu."

Vidor aliweka mkono juu ya lango, hakulifungua.

"Nilimwona," alisema. "Alfajiri ile nilikuwa napakia. Nilimwona Ambrus akiisukuma kutoka mtaroni, ina matope."

Lőrinc akabaki na kofia yake mkononi. "Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nasubiri uje uniulize. Wewe, siyo polisi. Tulisoma darasa moja. Mkeo alikuja, alisimama hapo hapo uliposimama, akaniuliza kama ni mimi, nikamjibu siyo, akaniamini. Wewe hukuja. Ukawa unapita barabarani na Ambrus, mmeshikana mabega. Nikasema, basi huyu anajua. Anajua, ila amemchagua mwenzake."

"Sikujua, Vidor. Naapa."

"Hukuuliza."

Kule kanisani kengele ilianza kulia, na pikipiki zote zikapiga honi kwa pamoja kama zifanyavyo kasisi anapomaliza. Vidor akangoja mpaka zikanyamaza.

"Niulize sasa," alisema.

Lőrinc akaikunja kofia mkononi. "Vidor. Ni wewe uliyeiba pikipiki yangu?"

"Hapana," Vidor akasema.

Akamvuta mbwa wake kwa ukosi asije akabanwa na mlango, akarudi ndani na kuufunga.